Mgonjwa wa Mama Moyo

Hospitali iligundua kwamba madaktari wake wamechoka siku ile daktari wa usingizi alipolala kabla ya mgonjwa. Hakuna aliyedhurika. Mgonjwa, ambaye alikuwa ameletwa kufanyiwa upasuaji wa ngiri, alingoja kwa adabu, kisha akamtikisa bega na kumwuliza kama ni yeye anayefuata.

Habari ilifika ghorofa ya utawala upesi kuliko zinavyofika habari za kukosekana kwa glavu. Likaitwa kikao. Kikao kuhusu uchovu kiliendelea mpaka wajumbe wakachoka, na kwa kuwa sasa walikuwa wanalielewa tatizo kwa undani, walifikia uamuzi. Mtu mmoja alithubutu kusema labda waajiriwe madaktari zaidi. Alitazamwa kama mtu aliyejamba msibani, naye akasema alikuwa anatania. Ikakubaliwa kwamba itafanyika semina, na semina hiyo itaitwa "Jipe Moyo". Kuhudhuria ni lazima. Ili kazi isivurugike, itafanyika mchana, saa ambazo waliokesha zamu ya usiku huwa wamekwenda kulala.

Aliyetakiwa kuwa mfano kwa wenzake, maana mfano lazima atoke juu, ni mkuu wa idara ya moyo. Jina lake halisi lilikuwa limeandikwa mlangoni kwake, lakini tangu wauguzi hadi wauza vocha wa getini, wote walimwita Mama Moyo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwepesi wa mguu na mwepesi wa kufoka, na inasemekana aliweza kusikiliza kifua cha mtu huku anamgombeza mwingine, na asikosee popote. Wagonjwa walimpenda kwa sababu aliwatisha. Alikuwa akiwaambia, "Moyo hauna mdomo. Ukikuuma, umekwisha kukubembeleza siku nyingi," nao walirudi nyumbani wakaacha chumvi na sigara kwa muda wa wiki nzima.

Sasa Mama Moyo huyu, kwa wiki kadhaa, akipanda ngazi alikuwa anahisi kama kuna mtu mnene amemkalia kifuani. Akisimama, mtu yule anashuka. Akiendelea, anapanda tena, na safari nyingine ananyoosha mkono mpaka kwenye taya na bega la kushoto. Angekuja mgonjwa na maneno hayo, Mama Moyo asingemruhusu hata avue viatu mwenyewe. Lakini hakuja mgonjwa, alikuja yeye, kwa hiyo akasema ni kiungulia. Alipokunywa dawa ya kiungulia na isimsaidie, akasema ni jino. Jino lilipoonekana zima, lawama ikahamia kwenye godoro. Alishuku kila kitu kasoro moyo, maana daktari wa moyo ni yeye, na kinyozi hajinyoi.

"Mama watoto, mbona unashika kifua?" mumewe alimwuliza asubuhi moja. Mume huyu alikuwa mwalimu wa jiografia, mtu mpole aliyezoea kuongea na mgongo wa mkewe ukielekea mlangoni.

"Nimechoka tu, baba watoto."

"Si uende hospitali?"

"Ndiko ninakokwenda."

"Uende kama watu wengine wanavyokwenda."

Alikuwa amekwisha toka.

Si kwamba hakutafuta ushauri. Aliutafuta, ila kwa njia ya pale. Katika hospitali ile daktari haugui. Daktari huwa "ana mgonjwa wake". Mganga wa ngozi anayeona damu chooni atamkamata mwenzake kwenye korido na kumwambia, "Nina mgonjwa wangu mmoja, mwanaume, rika letu hivi," na mwenzake atajibu huku anatembea, na wote wawili watakuwa wameokoa muda. Ushauri wa korido hauandikwi popote wala hauvuliwi shati. Wenyewe kwa wenyewe wanajua, na wanajua kwamba wanajua, lakini kuuliza "Mgonjwa huyo ndiye wewe?" ni utovu wa adabu kupita kumwuliza mtu mshahara wake.

Kwa hiyo siku moja kabla ya semina, Mama Moyo alimvizia Fundi Bomba. Huyo alikuwa daktari wa idara yake mwenyewe, yule anayeingiza waya mwembamba kupitia mkononi na kuuzibua mshipa wa moyo ulioziba, na jina la Fundi Bomba alilipewa na mgonjwa mmoja mwenye shukrani. Alimkuta amesimama nje ya chumba chake cha kazi, anakunywa chai ya moto kwa haraka ya mtu anayezima moto, macho yamo kwenye simu.

"Fundi, nina mgonjwa wangu," alianza.

"Mm."

"Mama wa makamo. Kifua kinambana akipanda ngazi, akipumzika kinaachia. Mara nyingine maumivu yanapanda hadi taya."

"Muda gani?"

"Wiki kadhaa."

"Wiki kadhaa na bado yuko mtaani?" Fundi Bomba alipuliza chai. "Mlete leo."

"Leo hawezi. Ana shughuli."

"Shughuli gani? Ana watu wanamngoja akhera?"

"Ana watu wanamtegemea, Fundi. Usiongee hivyo."

"Haya, mumewe amfunge kamba amlete."

"Ni mtu mwenye akili zake," alisema Mama Moyo, na aliona amekasirika kidogo kwa niaba ya mgonjwa.

"Wenye akili ndio wanaonipa kazi mimi. Mjinga kikimbana kifua huja mbio." Fundi alimeza funda la mwisho. "Mama Moyo, wewe si ndiye unayewafokea? Mfokee huyo pia."

"Nitamleta kesho kutwa. Baada ya hii semina yao."

"Haya. Akifika hai, niite," alisema Fundi Bomba, akaingia ndani, kwani mgonjwa mwingine alikuwa tayari mezani. Hakuinua macho hata mara moja. Angeyainua angeona kijasho juu ya mdomo wa mkuu wake, katika korido yenye baridi ya kutosha kuhifadhia samaki. Lakini naye alikuwa na uchovu wake, na uchovu haumwachii mtu macho ya ziada.

Siku ya semina lifti ilikuwa mbovu. Ukumbi uko ghorofa ya juu kabisa, kwa sababu watu waliochoka hunufaika sana na mazoezi. Mama Moyo alipanda, na kwenye kila kituo cha ngazi alisimama kusoma tangazo. Alisoma tangazo la kuzuia kutema mate, na la namna ya kutumia kizima moto, na la harambee ya mazishi iliyokwisha pita. Wadogo zake kazini walimpita wakimwamkia, "Shikamoo mkuu," naye aliitikia "Marahaba" huku ameukodolea macho ukuta, kana kwamba habari za kizima moto ndizo alizokuwa anazitafuta maisha yake yote.

Ukumbini viti vilikuwa vimeondolewa na sakafuni imetandazwa mikeka. Mlangoni palikuwa na kapu la kukusanyia simu. Mkurugenzi alifungua semina kwa kusema kwamba wafanyakazi ndio moyo wa taasisi. Akasema mlango wake uko wazi kwa yeyote mwenye mzigo moyoni, kisha akaondoka kwenda kwenye kikao kingine; na mlango ulikuwa wazi kweli, maana ofisini hakupatikana kamwe.

Mwezeshaji alikuwa bwana mmoja wa viatu vyeupe na sauti ya asali. Zamani aliuza bima za maisha. Sasa alikuwa anauza maisha yenyewe. Aliwaambia wataalamu wale wa mapafu, ini na figo kwamba tatizo lao ni kwamba hawajui kupumua.

"Laleni chali, wapendwa," alisema. "Fumbeni macho. Leo hakuna atakayewaita."

Hakurudia. Madaktari walianguka mikekani kama magunia yaliyokatwa kamba, na kabla mwezeshaji hajafika kwenye sehemu ya kuwazia maporomoko ya maji, ukumbi mzima ulikuwa unakoroma. Daktari wa usingizi alitangulia, kama ilivyo taaluma yake. Fundi Bomba alilala na mdomo wazi.

Mama Moyo peke yake ndiye hakulala. Yule mtu mnene alikuwa ameketi, na safari hii hakushuka. Hakuna ngazi, hakuna mwendo, amelala chali kama alivyoagizwa, na bado kifua kilibanwa mpaka mbavu zikataka kulia. Mkono wa kushoto ulikuwa mzito. Jasho lilimtoka la baridi, likamwingia masikioni. Akajua. Alijua kwa uhakika ule aliokuwa nao kwa wengine, na uhakika ule haukumsaidia lolote ila kumwogofya. Wahenga hawakuwa wajinga waliposema mficha maradhi kifo humuumbua.

"Uchungu ukija, usipigane nao," ilisema sauti ya asali kutoka mbali. "Ukaribishe."

Alijaribu kuinua mkono. Mwezeshaji aliona, akamkaribia kwa kunyata.

"Vizuri sana, mama," alinong'ona. "Angalia jasho lote hilo! Hizo ni sumu za miaka, zinatoka. Achilia."

Mama Moyo alitaka kusema "Nisaidieni". Neno lilikuwa fupi, na pumzi ya kulisemea bado alikuwa nayo. Lakini ulimi haukulijua. Maisha yake yote ya kazi neno hilo alikuwa analipokea. Kulitoa hakuwahi kufundishwa. Alifungua mdomo, na lililotoka ni lile alilozoea.

"Mama wa makamo," alisema. "Maumivu makali ya kifua. Taya na mkono wa kushoto. Jasho la baridi. Anapumua kwa shida."

Hakupaza sauti. Lakini mama aliyelala fofofo hushtuka mwanawe akikohoa chumba cha pili, na ndivyo ilivyokuwa kwa wale. Mikoromo ilikatika yote kwa pamoja. Walikuwa wima kabla macho hayajafunguka.

"Nani kampokea?"

"Yuko wapi?"

"Ameshapewa aspirini?"

Fundi Bomba alikuwa anapangusa udenda. "Mama Moyo, ni yule mgonjwa wako?"

"Ndiye," alisema.

"Amekuja? Yuko hapa hapa hospitali?"

"Yuko hapa."

"Jamani, twendeni!" alipiga kelele Fundi Bomba. "Dharura! Mkuu, wewe pumzika, tumeshaelewa!"

Wakatoka wote. Mabingwa wa kila kiungo cha mwanadamu walitimka peku kuteremka ngazi, simu zao zimebaki kapuni, kila mmoja akitaka kumwahi mama wa makamo. Hakuna hata mmoja aliyetazama chini. Kwa nini atazame? Mgonjwa huwa wodini. Sakafuni palikuwa na daktari.

Baadaye ilijulikana kwamba walimpata mgonjwa. Kwenye benchi la dharura alikuwepo mama wa makamo, amekuja kumletea shemeji yake uji na kanga, na kwa kuwa amepanda mlima kutoka kituoni alikuwa anahema na kutoka jasho. Alikuwa juu ya kitanda na waya kifuani kabla hajamaliza kusema "Jamani, mimi ni mgeni tu". Moyo wake ulipimwa, ukakutwa mzima kuliko wa yeyote aliyemzunguka.

Huku juu ukumbi ulikuwa kimya. Mwezeshaji alisimama katikati ya mikeka mitupu, ameumia.

"Basi, mama," alisema, "tuendelee sisi wawili?"

Mama Moyo alitazama dari. Aliogopa. Hakuogopa kwa namna ya kitaalamu. Aliogopa kama mtoto aliyesahauliwa sokoni. Alimfikiria mumewe mbele ya ramani zake, na chaki kwenye mkono wa shati, na watoto wao wawili ambao walijifunza tangu wadogo kutomwamsha mama. Aliona kwamba atakufa kwenye semina ya kupumzika, na kwamba watu watacheka kidogo kabla ya kulia, na kwamba watakuwa na haki.

"Mimi," alisema.

"Naam? Wewe nini, mama?"

"Mgonjwa. Ni mimi."

Mwezeshaji alimtazama tena, sasa kwa macho ya kawaida, na rangi yote ikamtoka. Mtu yule ana mengi ya kulaumiwa, lakini miguu yake haimo. Alifika kwenye ngazi kwa hatua ambazo viatu vyake vyeupe havikujua vinaweza, na asali yote ikamwishia kooni.

"Nyie!" alifoka mpaka chini. "Nyie madaktari! Mmemwacha mgonjwa huku! Ni huyu mama yenu!"

Walirudi wakitweta. Waliingia, wakamwona, wakasimama duara kumzunguka, na hapo likatokea jambo ambalo hakuna kitabu cha tiba kinacholieleza. Hawakujua pa kuanzia. Wale wale waliomfungua vifungo mgeni wa watu bila salamu, sasa walisimama mikono imening'inia, kama wakwe walioalikwa chumbani. Nani amfungue mkuu kifua? Daktari wa mapafu alimtazama wa figo, wa figo akatazama viatu vyake, ambavyo hakuwa navyo.

Mmoja wao akainama kwa heshima.

"Mkuu," aliuliza, "tukupe nini?"

Alijua. Alijua kila kitu: kidonge gani kitafunwe na kipi kiwekwe chini ya ulimi, nani akimbie kuwasha mashine na nani ampigie mumewe simu. Majibu yote yalikuja mdomoni yamejipanga, na wao walikuwa wanayangoja, na kila mmoja angefurahi kupewa amri. Akiyasema, atakuwa kazini. Atakufa kazini.

"Sijui," alisema Mama Moyo. "Naumwa. Nisaidieni."

Fundi Bomba ndiye aliyepiga magoti. Alimshika mkono, akautafuta mshipa, na uso wake ulikuwa umekunjamana vibaya.

"Nyamaza sasa, mama," alisema. "Hii si kazi yako." Kisha akawageukia wengine na kuwafokea kwa sauti iliyofanana sana na ya mkuu wake, nao wakazinduka.

Lifti haikuwa imepona kwa sababu ya msiba wao. Walimbeba kwa machela kushuka ghorofa zote, mabingwa tupu, na kwenye kila kona ya ngazi kila mmoja alikuwa na maoni ya kitaalamu juu ya upande upi utangulie. Mwezeshaji alishika mguu mmoja wa machela akawaambia wapumue. Waliambiana baadaye kwamba ilisaidia.

Fundi Bomba aliuzibua mshipa. Alipomaliza alivua glavu. Akaketi pembeni ya mgonjwa.

"Ulinidanganya usoni," alimwambia.

"Hukunitazama usoni," alijibu Mama Moyo.

Hakuna aliyebisha. Fundi aliitazama mashine ya moyo.

"Tumechelewa kidogo," alisema Fundi hatimaye. "Sehemu ya chini ya moyo, kwa nyuma. Kipande si kikubwa. Lakini unajua."

Alijua. Nyama ya moyo ikikosa damu hufa, na ikifa haioti tena. Ngozi huota, hata ini huota, moyo hukataa. Alikuwa amewaambia watu sentensi hiyo mara nyingi sana, kwa upole wa mtu anayepita.

Siku ya pili mkurugenzi alikuja kumjulia hali. Alimkuta mumewe ameketi pembeni ya kitanda, na mkono wa mkewe mkononi mwake. Alisema pole. Alisifu jinsi tukio lilivyoonyesha ushirikiano wa idara. Alisema tena pole, akavuta kiti, akapunguza sauti.

"Si kwamba nakuharakisha," alisema. "Pumzika kabisa. Ila foleni kule kwako, dada, ni balaa. Nilitaka kujua tu, tukuweke kuanzia lini? Hata nusu siku. Hata ukiwa umekaa."

Mumewe alifungua mdomo. Mama Moyo alimbana vidole, naye akaufunga.

"Mkurugenzi," alisema, "kuna kipande cha moyo wangu kimekufa. Hakirudi. Hicho hesabuni kuwa ni chenu, nilikitumia hapa. Kilichobaki si cha idara."

"Cha nani sasa?" aliuliza mkurugenzi, ambaye alikuwa amezoea kuuliza hivyo kuhusu magari.

Mama Moyo alimgeukia mumewe. Mkurugenzi alimtazama mume, mume akamtazama mkurugenzi, na kwa kuwa hapakuwa na ajenda nyingine, mkurugenzi alisema pole mara ya tatu akatoka.

Mlango ulipofungwa Mama Moyo alilia. Alilia vibaya, kwa kamasi na kwikwi, na mashine juu ya kichwa chake ikaanza kulalamika, muuguzi akachungulia, akaona, akairekebisha.

"Niliogopa," alimwambia mumewe. "Niliogopa sana, baba watoto. Wiki zote zile nilikuwa naogopa."

"Mimi bado naogopa," alisema mumewe, na hakumwachia mkono.